Nusu Sahani ya Kapteni Gaudensi

Sahani ilikuwa kwenye friji, rafu ya pili, kati ya chupa ya maji na bakuli la nyanya, imefunikwa kwa sahani nyingine. Niliijua kabla sijaifunua. Ni ile ile ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu, rangi imebanduka upande mmoja pale ilipoangukia sakafu ya uani Kipawa miaka thelathini na kitu iliyopita, na aliyeiangusha ni mie. Nilikuwa nimeingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, maana joto la siku ile lilikuwa halina adabu, na nyumba imejaa watu wa msiba kila kona. Nikanyoosha mkono. Sabina, binti wa marehemu, akanishika kiwiko. "Anti, hiyo usiguse. Mama kasema asiguse mtu." Nikamuuliza ni nini, ingawa nilishajua. "Chakula cha baba cha Jumapili. Alikula nusu, akamwambia mama afunike, ndo tukampeleka hospitali. Hajarudi." Sabina ni mama wa watoto watatu, ana mvi zake, lakini lile neno hajarudi alilisema kama mtoto anayemsubiri baba yake mlangoni.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kapteni Gaudensi, rubani wa ndege ya mabomu katika vita vya Kagera, alikuwa amelala mochwari akiwa na miaka sabini na tisa, na mazishi ni saa tisa alasiri. Mkewe, Mama Sabina, amekaa kwenye mkeka chumbani, hajatia kitu mdomoni tangu Jumatatu alfajiri alipoletewa habari, na amewaambia mashemeji zake waziwazi kwamba yeye makaburini haendi. Baba Sabina kaacha chakula, anasema. Akija akute nyumba tupu, nani atampashia? Mashemeji wamembembeleza, katekista amembembeleza, wanawake wa jumuiya wameimba mpaka sauti zimekauka, mama wa watu yuko pale pale. Walishafika mahali pa kunong'ona kwamba akili imemruka. Mie nilijua haijamruka. Alikuwa anafanya kile alichofanya miaka yote ya ndoa yake, na hakuna aliyewahi kumwambia kinaishia wapi. Aliyeambiwa ni mie. Katika watu wote waliojaa maturubai mawili pale Yombo, mwenye kazi ya kufanya na ile sahani nilikuwa mie peke yangu, na nilipewa kazi hiyo nikiwa na miaka ishirini, nikacheka, nikakubali kirahisi kama mtu anayepewa pipi. Niseme ukweli wangu: nilifunga friji, nikatoka nje, nikaenda kukaa nyuma ya turubai karibu na masufuria ya pilau. Niliogopa.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba kwao, Kipawa, hatua chache kutoka ukuta wa uwanja wa ndege. Nyumba yenyewe haipo tena, uwanja ulipanuliwa, wao wakahamia Yombo, na mahali nilipokuwa naanika nguo zangu sasa hivi sijui pamekuwa nini. Ilikuwa miaka kumi hivi baada ya vita. Mie mwalimu mpya, ajira yangu ya kwanza, sanduku moja la bati na godoro la futi mbili na nusu. Nilipelekwa na mwalimu mwenzangu aliyesikia kuna chumba. Kapteni alikuwa uani anapiga pasi shati lake mwenyewe, pasi ya mkaa, na nilishangaa, maana kwetu sikuwahi kumwona mwanaume mzima akishika pasi huku mkewe yupo. Nikampa shikamoo. Akaitikia bila kuinua macho kwenye kola. "Umetokea wapi, binti?" Nikasema Iringa. Hapo akaiweka pasi chini. "Mhehe kabisa?" Nikasema ndiyo. Akageuka mlangoni akamwita mkewe: "Mama Sabina, mfungie mbwa ndani, amekuja Mhehe." Mie nilikuwa na haya ya ugeni, lakini kwa utani wa Wahehe na Wangoni hakuna anayehitaji kufundishwa, mtu unazaliwa nao: sisi tunasemwa tunakula mbwa, wao panya. Nikamwambia, "Sina shida na mbwa wako, Kapteni. Nilichokuja kuuliza ni kama humu ndani panya wapo, au nyie Wangoni mmeshawamaliza." Mama Sabina alicheka mpaka akaegemea mlango. Kapteni akachukua pasi yake. "Chumba chako," akasema, "kile cha mwisho. Usije ukalala mlango wazi, nitakuletea mchuzi."

Chumba changu kilikuwa na dirisha moja dogo linalotazama uani, na ukuta uliotutenganisha na sebule yao haukufika juu. Ulikoma usawa wa mlango, halafu ni mbao na bati tupu. Kwa hiyo yaliyosemwa sebuleni niliyasikia yote, nitake nisitake, na mara nyingi nilitaka. Ndege zikipita glasi zinagongana kabatini na taa inacheza. Wageni walikuwa wanainama. Mama Sabina anaendelea na sentensi yake pale pale alipoiachia. Na Kapteni, kama yupo, anatulia kidogo, anasikiliza, halafu anasema kitu kama "injini ya kushoto inamsumbua huyo," na anarudi kwenye chai. Nilimpenda mzee yule, na sioni haya kulisema. Alikuwa mtu wa kupanga vitu: saa yake ya mkononi aliilinganisha kila asubuhi na redio, viatu vyake vilikaa mlangoni vidole vikitazama nje, na kabla ya kutoka nyumbani aligusa vitu kwa mpangilio ule ule, mfuko wa shati, mfuko wa suruali, mkanda, kofia, huku midomo inasogea. Nikamtania kwamba Mngoni anajihesabu asije akajisahau nyumbani. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba ndege haimsamehe mtu aliyesahau kitu kimoja, hata kama alikumbuka tisini na tisa. Wakati ule alikuwa bado jeshini, anafundisha vijana kuruka, na vijana wenyewe wakija nyumbani walikuwa wanasimama wima uani mpaka Mama Sabina awafukuze wakakae.

Halafu kulikuwa na lile jambo la chakula. Siku za mapumziko Kapteni alikula kama sisi wote, sahani ikabaki safi. Lakini siku anayotoka, iwe kwenda kazini kuruka, iwe kwenda posta, alikula nusu tu. Nusu kamili, kana kwamba amepiga mstari kwa rula. Anasogeza kiti, anamwambia mkewe neno moja, "Funika." Mama Sabina anafunika. Akirudi, kabla ya kuvua viatu, anakaa anaimalizia, imepoa, imekauka, hajali. Mie mwanzoni nilidhani ni ubahili. Nikaja nikasikia kwa majirani bombani kwamba Kapteni anaachia majini chakula, ndiyo maana hakuuawa vitani. Mama mmoja aliniapia kwamba ameona kwa macho yake wali unapungua ndani ya sahani iliyofunikwa. Nilicheka, lakini nikirudi nyumbani niliitazama ile sahani kwa jicho la pembeni.

Jumapili mchana walikuja wenzake wa zamani, wawili watatu, wamenenepa, na mazungumzo yao yaliruka ukuta wangu yakanikuta kitandani nasahihisha madaftari. Hapo ndipo nilipoijua kazi yake. Kwake yeye huwezi kuipata, ukimuuliza vita anakuuliza umekula. Lakini wale wenzake walikuwa wanasimulia kana kwamba ni jana. Jinsi alivyopita chini ya mawingu ziwani, chini kabisa, mpaka wavuvi wakalala kwenye mitumbwi. Jinsi alivyoirudisha ndege na injini moja, amenyamaza njia nzima, na alipotua kitu cha kwanza alichosema ni kwamba taa ya pembeni ya uwanja wetu haiwaki. Jinsi alivyoukata katikati uwanja wa ndege wa adui, ndege zao zikabaki zinaangaliana, na vijana wetu wa ardhini wakasonga mbele bila mtu kuwamwagia moto kutoka juu. Walisema kuna wanaume wengi wana wajukuu leo kwa sababu ya asubuhi ile. Nikasikia kijiko cha Kapteni kinazunguka kikombeni. Halafu mmoja wao, sauti yake nzito, akasema: "Ila ungeangusha ile mara ya kwanza, Gaude, Salehe saa hizi angekuwa hapa anakunywa chai na sie." Kijiko kikasimama. Nilijua nimesikia kitu ambacho si changu, lakini kalamu yangu haikusogea. Kapteni akasema, taratibu, "Salehe asingeinywa hiyo chai." Mama Sabina akaleta mihogo.

Sasa niseme nilivyoharibu. Ilikuwa Jumamosi, maji yametoka bombani baada ya siku nne, na mtaa mzima uko mbioni na ndoo. Gari la jeshi lilikuwa limemchukua Kapteni asubuhi na mapema. Mama Sabina amekwenda sokoni na binti yake. Nikajiambia leo nitawaonyesha hawa Wangoni kwamba mpangaji wao amelelewa. Nikadeki, nikafua, nikakusanya vyombo vyote nikavitoa uani. Kwenye meza kulikuwa na sahani imefunikwa, kiporo cha wali na maharage, nusu. Naapa sikufikiri. Kwetu mtoto wa kike akiacha chombo kichafu mezani mchana kutwa anasemwa mpaka kwa shangazi. Kile kiporo nikawamwagia kuku wa jirani, sahani nikaisugua kwa majivu na sabuni ya kipande mpaka ikang'aa, na nilipokuwa naipeleka kwenye uchanja ikaniteleza, ikagonga sakafu, ukingo ukabanduka. Nikaanika na vingine. Nikasimama kuviangalia, nimejisifu moyoni.

Mama Sabina aliporudi aliiona kutoka mlangoni. Hakuuliza kitu kingine chochote. "Nani kaosha hii?" Nikasema mie, mama, nimeosha vyote. Kikapu kikatua chini chenyewe, nyanya zikatoka zikaviringika mpaka kwenye mfereji, na yeye hakuziangalia. Hakunifokea, na bora angenifokea. Alikaa kwenye kizingiti akiwa na kanga yake ya kutokea, akanyanyua uso juu. "Leo kaenda kuruka," akasema. Nikamwambia nitapika nyingine sasa hivi, nusu sahani, wali na maharage yale yale, nitafunika. Akatikisa kichwa. "Siyo ile." Basi tukakaa. Kapteni alitakiwa kufika saa nane. Saa nane ikapita. Kila ndege iliyotua tuliisikiliza wote wawili, kisha tunangoja muda wa mtu kutoka uwanjani na kufika nyumbani, kisha hakuna mtu. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita, mie nimeshatubu dhambi zote nilizozifanya na nyingine nimeazima. Mama Sabina alisema kitu kimoja tu muda wote ule. Alisema, "Vita nzima nilikuwa Songea, sikujua anakula nini. Hii ndiyo kazi pekee aliyonipa."

Alifika saa kumi na moja na nusu, anatembea kwa miguu, kofia kwapani. Hali ya hewa iliwazuia, wakakaa wanasubiri mawingu yapande, hakuna zaidi. Akaingia, akatuangalia, akaangalia meza. "Sahani yangu?" Nikapiga magoti pale pale kwenye saruji. Nikamwambia nimeiosha, Kapteni, na chakula nimewapa kuku. Akanitazama. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha chini kwa chini, akakaa kwenye kiti. "Watu wamenipigia mizinga mwaka mzima wameshindwa," akasema, "Mhehe na kipande cha sabuni amenipata asubuhi moja." Mama Sabina akacheka huku analia, mie nikalia bila kucheka. Lakini alipopokea kikombe, maji yalimmwagikia kwenye suruali ile aliyoinyoosha mwenyewe, na hakuyafuta. Nilitoka pale nikaenda chumbani kwangu nikakaa gizani, nimejichukia.

Kesho yake, baada ya misa, Mama Sabina alibaki kanisani mazoezi ya kwaya. Kapteni akaniita uani. Alikuwa na beseni la mihogo na visu viwili, akanipa kimoja. Tukamenya. Akasema sikukosea, nisilale na jambo lile, mtu haadhibiwi kwa sheria asiyosomewa. Ndipo akanisomea. Kikosini wakati wa vita walikuwa na desturi yao, akasema, hakuna aliyeiamuru wala kuiandika. Kabla ya kuruka unakula nusu, nusu unafunika, na mpishi analinda. Hakuna kuagana, hakuna kushikana mikono. Mwenye chakula mezani anarudi kula. Ukirudi unaimaliza hata kama tumbo limefunga. Nikamuuliza, na asiyerudi? Kisu chake kikasimama kwenye muhogo. "Asiyerudi, lazima mmoja amlie chakula chake. Amalize, asibakize punje. La sivyo mwenzenu mmemwacha njiani, hajafika kule wala hajarudi huku."

Salehe alikuwa msoma ramani wake, kijana wa Tanga, mcheshi. Asubuhi ile waliyotumwa kuupiga uwanja wa adui walifika kwa dakika waliyopanga. Salehe anahesabu sekunde kwa sauti, mkono wa Kapteni uko tayari, na chini, pale pale mwisho wa uwanja, wanawake. "Nguo za rangi rangi," akaniambia. "Wana mizigo kichwani, wanakatiza kwenda sokoni, wamesimama wanatutazama. Hawajui hata kukimbia." Nikaacha kumenya. "Nikamwambia Salehe, tuzunguke? Kwenye kazi yetu kila mtu anajua maana ya kuzunguka, Mhehe. Mara ya kwanza unamkuta adui na kikombe cha chai mkononi. Mara ya pili amekaa kwenye mzinga anakusubiri." "Salehe akasemaje?" "Akasema, zunguka, Kapteni. Maneno mawili. Akaanza kuhesabu upya." Wakazunguka. Wanawake walikuwa wameshakimbia. Mabomu yote yakaangukia kwenye lami, na walipokuwa wananyanyua ndege ndipo chuma kikapita ubavuni na kumkuta Salehe. Kapteni aliruka naye hivyo mpaka nyumbani, akimsemesha, ingawa alijua.

"Nikaingia mesi," akasema. "Sahani mbili mezani zimefunikwa, yangu na yake. Nikala yangu. Mpishi ananiuliza kwa macho, hii nyingine je? Wenzangu wote wanatazama chini. Nikaivuta. Ilikuwa wali na sato. Upande aliokula umebaki na alama za vidole vyake kwenye wali. Nikala. Mpishi analia, mie silii, maana ukilia hakiteremki. Nikala mpaka nikalamba." Akatupa muhogo kwenye beseni. "Mabomu nimeangusha mengi, Editha. Kazi ngumu kwenye vita vile ilikuwa ile sahani." Ndiyo mara ya kwanza aliniita kwa jina langu, na sikujua niweke wapi macho. Niliwaza wale wanawake wa sokoni, ambao mpaka leo hawajui walivyopona, na nikawaza kwamba nimekaa kwenye kigoda pamoja na mtu mkubwa kuliko wote niliowahi kukutana nao, na mtu huyo anamenya mihogo. Kila Idi, nilikuja kujua, alikwenda Tanga kwa mama yake Salehe. Alimweleza yote tangu siku ya kwanza, pamoja na kuzunguka, na yule mama alimshika kichwa akamwambia karibu mwanangu, na hakuacha kumwita hivyo hadi alipofariki.

Nikamuuliza kama Mama Sabina anajua. Akasema anajua kufunika. Habari ya kula hajui na asiijue. "Akijua kuna siku ya kuila, kila nikitoka ataitazama kwa jicho hilo. Mwache afunike kwa amani." Kisha akanitazama na ule uso wake wa utani ukarudi. "Lakini siku yangu ikifika patakuwa na tabu. Mke wangu hataweza, binti yangu hataweza, wanajeshi watafanya gwaride tu. Utakula wewe. Mtani kwenye msiba nani atamzuia? Na Mhehe hachagui chakula." Hapo ndipo nilipocheka. Nikamwambia, "Nitakula, Kapteni, mradi isiwe panya." Akanipa mkono wenye utomvu wa muhogo, tukashikana. Mwisho wa mwaka nikahamishiwa shule ya Chang'ombe, nikaolewa, nikazaa, nikastaafu. Tuliendelea kutembeleana miaka yote, na kila nilipomwona akisogeza kiti na kusema "Funika," hata miaka hii ya mwisho alipokuwa anakwenda kliniki tu na fimbo yake, mie na yeye tulitazamana kidogo, basi.

Kwa hiyo pale nyuma ya turubai, Jumatano ile, nilikuwa nayajua yote haya, na bado nilikaa. Nilijiambia ni mambo ya jeshi ya zamani. Nikajiambia mama wa watu ataniona mchawi. Kisha nikasikia wanaume wanapanga gari, mmoja anasema mjane abaki tu na wanawake wawili, watazika bila yeye, muda hauwasubiri. Akilini nikamwona Kapteni na kisu chake cha mihogo. Nikasimama. Nilipita sebuleni nikachukua kofia yake msumarini, nikaivaa, ikanifunika mpaka nyusi. Watu wakaanza kuguna na kutabasamu, wakijua mtani ameingia kazini. Jikoni nikafungua friji. Sabina akaja mbio. "Anti, nakuomba." Nikamwambia, "Mie mtani leo, kaa pembeni." Nikaingia chumbani na sahani mkononi.

Mama Sabina aliiona akanyanyuka nusu. "Editha, rudisha." Nikakaa mkekani, mbele yake kabisa, miguu nimeinyoosha. "Sirudishi, mama. Nimekuja kulipa deni. Huyu Mngoni ananidai tangu kile kiporo nilichowapa kuku." Wanawake waliokuwa ukutani wakasogea karibu. Nikafunua. Wali, maharage ya nazi, kipande cha samaki, nusu kamili, mstari umenyooka. Na kwenye wali, pale alipoishia, alama za vidole vyake. Kapteni alinieleza alama za Salehe, lakini hakunieleza kwamba unazifuta kwa vidole vyako mwenyewe. Nikakata tonge nikala. Baridi, gumu. Nikakumbuka usilie, hakiteremki. "Mama," nikasema, "chumvi hii ndiyo iliyomkimbiza?" Akanitolea macho. "Hakuambiwa na daktari apunguze?" nikasema tena, tonge mdomoni. "Umempikia mgonjwa samaki wa chumvi hivi?" Midomo yake ikacheza. "Alilalamika hana ladha," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Nikamwongezea kidogo." "Kidogo hiki? Hata panya wao wangekataa." Mtu mmoja ukutani akacheka akajiziba mdomo. Mie nikaendelea kula. Kati ya tonge na tonge nikamweleza. Nikamweleza kikosi, na sahani mbili mezani, na Salehe, na wale wanawake wa sokoni waliosimama na mizigo yao, na zunguka, Kapteni. Nikamweleza mihogo, na kwamba aliniomba nisimwambie, kwa sababu alitaka afunike kwa amani. "Miaka yote hii?" akauliza. Nikasema miaka yote. "Na leo?" Nikamwambia, "Leo anasubiri mtu ammalizie, aondoke. Amechoka, mama. Amezunguka vya kutosha."

Aliangalia vidole vyangu. Zilikuwa zimebaki punje chache na kipande cha samaki cha mwisho. Nikakikusanya. Akaninyooshea mkono, kiganja wazi, na nikaelewa, nikamwekea kile kipande. Akakila. Kilikuwa kitu cha kwanza kuingia mdomoni mwake tangu Jumatatu, na alikitafuna polepole, machozi yanashuka hadi shingoni. Mie nikalamba sahani, mbele ya wanawake wa jumuiya na katekista aliyesimama mlangoni, mwalimu mstaafu mzima wa miaka hamsini na saba na kofia ya jeshi kichwani, nikalamba mpaka bati likaonekana.

Mama Sabina akanyanyuka. Akajifunga kanga kiunoni, akaniomba sahani. Akapita nayo katikati ya watu mpaka bombani, akachutama, akaiosha kwa mkono wake, nje na ndani, akaizungusha pale palipobanduka rangi. Akaiweka kwenye uchanja, juani. Halafu akamgeukia binti yake.

"Niletee viatu," akasema. "Tumsindikize baba yako."